Skrubu Iliyohama Milimita 8: Uchambuzi wa Kisa cha Nyonga Yenye Mfupa Dhaifu

Mgonjwa wa kisa hiki ni bibi wa miaka 78 mwenye uzito wa kilo 60. Ameanguka, fupa la paja limevunjika kwenye eneo la trokanta, chini kidogo ya shingo ya fupa, na kipimo cha DXA, eksirei ya kupima madini ya mfupa, kimetoa alama ya T ya -3.2 (alama inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya). Kizingiti cha Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1994 ni -2.5, kuanzia hapo kushuka chini, mfupa unahesabiwa kuwa na osteoporosisi. Daktari amevirudisha vipande mahali pake, akapitisha skrubu moja nene kwenye shingo mpaka ndani ya kichwa cha paja, akaishikiza kwa bamba la digrii 135 lenye bomba ambamo skrubu inaweza kuteleza. Eksirei za baada ya upasuaji zinaonyesha jambo moja lisilopendeza. Kwenye picha ya mbele skrubu imekaa katikati. Kwenye picha ya ubavuni imepita milimita 8 mbele ya kitovu cha kichwa.

Swali la daktari ni fupi: nirudi chumba cha upasuaji niipange upya, au nimwache bibi asimame aanze kutembea?

Niseme mapema kwamba hili si jalada la mtu fulani. Kisa nimekijenga kwa vipimo vya kawaida vya nyonga ya mtu mzima na skrubu ya aina inayotumika sana, na nimechagua namba ambazo msomaji anaweza kuzirudia kwa kikokotozi cha simu. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Uigaji wa kompyuta katika tiba ya mifupa huletwa mara nyingi kwa picha za rangi nyekundu na buluu, nzuri kutazama, na asiye mhandisi hubaki hajui aanze kuhoji wapi. Mahali pa kuhoji papo, na pengi hapahitaji kompyuta hata kidogo.

Kanuni ya milimita 25

Kabla ya kumtafuta mhandisi, daktari hupima umbali kati ya ncha ya skrubu na kilele cha kichwa cha paja. Hupima kwenye picha ya mbele, hupima kwenye ya ubavuni, husahihisha ukuzaji wa picha kwa kutumia kipenyo cha skrubu kinachojulikana, kisha hujumlisha. Baumgaertner na wenzake walichapisha kipimo hiki mwaka 1995: kati ya skrubu 120 zilizokuwa na jumla ya milimita 25 au pungufu, hakuna hata moja iliyokata kichwa na kutokeza. Tangu hapo 25 ndiyo namba ambayo kila anayefunga nyonga anaijua.

Kwa bibi huyu ncha ya skrubu iko milimita 11 chini ya kilele. Picha ya mbele inatoa 11. Ya ubavuni, kwa kuwa skrubu imehama milimita 8, inatoa kipeuo cha pili cha 121 na 64 vikijumlishwa, yaani 13.6. Jumla ni 24.6. Amepita, lakini kwa kiasi kidogo mno.

Hapo ndipo daktari anapokwama, na ana haki ya kukwama. Kanuni inasema salama, jicho lake linakataa. Kipimo hiki kimeokoa wagonjwa wengi na sina nia ya kukipunguzia heshima, ila kinaweka mambo mawili kwenye namba moja: kina cha skrubu na kuhama kwake pembeni. Ndani ya kichwa cha paja mambo hayo mawili yanaleta madhara ya aina mbili tofauti, na hili la pili ndilo linalotuhusu hapa.

Kani inayofika kwenye skrubu

Kundi la Bergmann liliweka vitambuzi ndani ya nyonga bandia za wagonjwa na kupima kani halisi wanapotembea. Katika matokeo yao ya mwaka 2001, kutembea kwa mwendo wa kawaida kulileta wastani wa asilimia 238 ya uzito wa mwili kwenye kiungo cha nyonga, na kushuka ngazi asilimia 260. Mgonjwa alipojikwaa, vipimo vyao vya awali viliruka hadi zaidi ya mara 8 ya uzito wa mwili. Kilo 60 ni nyutoni 589. Basi kila hatua ya bibi inaweka karibu nyutoni 1,400 juu ya kichwa cha paja.

Kani hii haiji sambamba na skrubu. Inashuka ikielekea nje kidogo, wakati skrubu imelala kwa digrii 45 kutoka mhimili wa fupa. Kati yao kuna pembe ya takriban digrii 30. Ukiigawa, nyutoni 1,213 zinakwenda kwa urefu wa skrubu na nyutoni 700 zinakwenda kwa upana wake. Hizo 1,213 kwa kiasi kikubwa ni rafiki: ndizo zinazoifanya skrubu iteleze ndani ya bomba na kuvibana vipande vya mfupa pamoja. Hizo 700 ndizo zinazoushindilia mfupa wa kichwa juu ya skrubu, na mfupa ukishindwa, skrubu inaupasua kuelekea juu kama uzi unavyokata kipande cha sabuni.

Sehemu yenye nyuzi ina urefu wa milimita 22 na kipenyo cha milimita 12.5. Kivuli chake ni milimita za mraba 275, na nyutoni 700 zikitandazwa humo zinatoa mkazo wa wastani wa megapaskali 2.5. Sasa tuulize mfupa. Carter na Hayes walionyesha mwaka 1977 kwamba nguvu ya mfupa sponji, ule wa ndani wenye matundu, inapobanwa inafuata mraba wa msongamano wake. Kwa kasi ya mzigo inayofanana na ya kutembea, mlinganyo wao unatoa takriban megapaskali 13 kwa mfupa wa gramu 0.5 kwa sentimita ya ujazo, 4.6 kwa mfupa wa 0.3, na 2.1 kwa mfupa wa 0.2.

Tazama namba hizo kwa makini. Mfupa wa 0.5 unabeba hatua ya kawaida bila wasiwasi, ule wa 0.2 umeshashindwa kabla ya hatua ya kwanza kuisha, na bibi wetu yuko katikati. Picha zake za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, zinaonyesha 0.30 kwenye kitovu cha kichwa, pale ambapo nguzo za mfupa zinazobeba mgandamizo zinapokutana na zile zinazobeba kuvutwa, na 0.25 upande wa mbele, ambako skrubu ndiko iliko. Kwenye 0.30 akiba ni mara 1.8 ya mkazo wa wastani. Kwenye 0.25 nguvu inashuka hadi megapaskali 3.2 na akiba inakuwa mara 1.27. DXA isingetuambia hili kamwe, kwa sababu inatoa namba moja kwa eneo zima na haijui skrubu imepita wapi.

Hesabu hii ya mkono inastahili kukaa ukurasa wa kwanza wa ripoti yoyote ya uigaji. Modeli ikija na jibu lililo mbali nayo mara kumi, kuna kosa mahali, na mara nyingi liko kwenye vipimo vilivyoingizwa.

Kuna mtego mmoja nitaupitia haraka. Wanaoanza kazi hii hukimbilia fomula ya kung'oka kwa skrubu iliyoandikwa na Chapman na wenzake mwaka 1996, inayounganisha nguvu ya mfupa dhidi ya kukatwa, urefu wa nyuzi, kipenyo, na uwiano wa kina cha uzi kwa umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata. Ni fomula nzuri, na kwa skrubu za uti wa mgongo ina mahali pake. Kwenye nyonga hakuna anayeivuta skrubu kwa nyuma. Kichwa kinainama na kuzunguka juu yake. Ukipima kung'oka utapata namba safi kwa swali ambalo mgonjwa hana.

Modeli ya kwanza inasema hakuna tatizo

Picha za CT za hospitali huwa na vipande vya unene wa milimita moja hivi, na kila vokseli, yaani kijisanduku kimoja cha picha, inabeba wastani wa kilichomo. Viguzo vya mfupa sponji vina unene wa milimita 0.1 hadi 0.2, kwa hiyo CT hiyo haivioni. Inaona kivuli cha wingi wao. Kichwa cha paja chenye kipenyo cha milimita 48 kinaingia kwenye vokseli 58,000 hivi za milimita moja. Ukitaka kuviona viguzo vyenyewe unahitaji vokseli za milimita 0.08, na kichwa kilekile kinakuwa na vokseli milioni 113. Hilo linawezekana kwa sampuli iliyo mezani maabara, lakini si kwa nyonga ya mtu aliyelala kitandani. Kwa bibi huyu tunalazimika kutumia modeli ya elementi finiti, inayougawa mfupa katika wavu wa vipande vidogo (elementi) vinavyokutana kwenye nodi, ambamo mfupa sponji ni maada moja isiyo na matundu, yenye ukakamavu unaobadilika kutoka elementi moja hadi nyingine kufuatana na msongamano.

Upande upi wa kupiga picha nao si jambo dogo. Skrubu ikishaingia, chuma kinatupa michirizi kwenye CT na namba za jirani yake zinaharibika, kwa hiyo tunatumia CT iliyopigwa kabla ya upasuaji. Kwenye upande uliovunjika vipande vimehama. Njia ya kawaida ni kuchukua kichwa kutoka kwenye kipande chenyewe na umbo la sehemu nyingine kutoka nyonga ya pili, iliyogeuzwa kama kwenye kioo.

Kisha unakuja mlinganyo unaogeuza msongamano kuwa ukakamavu. Morgan, Bayraktar na Keaveny walitoa mwaka 2003 milinganyo tofauti kwa kila sehemu ya mwili. Wa shingo ya fupa la paja unazidisha 6,850 kwa msongamano uliopandishwa kwa kipeo cha 1.49. Mfupa wa 0.5 unapata megapaskali 2,440, wa 0.25 unapata 870. Msongamano umepungua nusu na ukakamavu umebaki kidogo zaidi ya theluthi. Ukitumia mlinganyo wa mwaka 1977, ambamo ukakamavu unafuata mchemraba wa msongamano, nusu hiyohiyo inakuachia moja ya nane. Mgonjwa ni yuleyule na CT ni ileile. Mhandisi asiyetaja alitumia mlinganyo upi amemficha daktari uamuzi mzito.

Skrubu yenyewe ni rahisi. Aloi ya titani ina ukakamavu wa gigapaskali 110 hivi na chuma cha pua karibu 200. Mbele ya mfupa wa gigapaskali moja, zote mbili ni kama haziwezi kupinda. Nyuzi tunazirahisisha kuwa mcheduara laini wenye kipenyo cha nje, kwa sababu mzigo wetu ni wa upana. Wavu unakuwa wa elementi za nusu milimita karibu na skrubu na unapanuka kadiri unavyokwenda mbali. Unausaga mdogo zaidi na kurudia hesabu mpaka jibu liache kubadilika. Jibu hilo lisiwe kilele cha mkazo kwenye kona kali ya ncha, kwa maana kilele hicho kinapanda kila unapousaga wavu na hakitatulia kamwe. Liwe wastani wa mgeuko wa umbo ndani ya ujazo wa mfupa unaoizunguka skrubu, au kiasi cha mfupa kilichopita kiwango ambacho mfupa huanza kushindwa, ambacho kwa mfupa sponji unaobanwa ni takriban asilimia 0.8.

Tunaweka kani ya nyutoni 1,400 na kulinganisha skrubu ilivyo sasa na skrubu iliyokaa kwenye kitovu. Tofauti inayotoka ni ndogo. Mgeuko wa umbo upande wa mbele ni mkubwa kiasi kwa sababu mfupa wa huko ni mwepesi, lakini kichwa hakiendi popote katika hali zote mbili. Mtu angefunga kompyuta hapo na kumwandikia daktari kwamba hakuna haja ya kurudi.

Alichogandisha mhandisi

Ndani ya modeli hiyo kuna uamuzi mmoja ambao programu nyingi huufanya zenyewe usipoziambia vingine: mfupa na skrubu vimegandishwa pamoja, nodi kwa nodi. Kugandisha kunarahisisha hesabu, kunafanya tatizo liwe la mstari na jibu lipatikane kwa dakika chache. Kwa skrubu iliyoingizwa jana, si kweli kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kwamba mfupa uliogandishwa unabeba mzigo pande zote mbili za skrubu, wa juu kwa kubanwa na wa chini kwa kuvutwa. Katika mwili, mfupa wa chini haujashikana na chuma. Kichwa kikibonyezwa, upande huo unaachia upenyo na upande wa juu unabaki peke yake.

Ya pili ni uharibifu wa kuingiza. Kuchimba na kuzungusha nyuzi kunavunja viguzo. Chukua lenzi utazame ukuta wa tundu lililochimbwa kwenye mfupa sponji mwepesi: viguzo vimekatika, vingine vimeinama, na chengachenga zimejazana kwenye nafasi zilizokuwa za uboho. Kuna wanaosema chengachenga hizo zinaushindilia mfupa na kusaidia, na kwenye mfupa mzito huenda zikasaidia kidogo. Kwenye mfupa mwepesi viguzo ni vichache, na kila kilichokatika ni nguzo iliyoondolewa. Modeli zinazouchukulia mfupa unaogusana na skrubu kuwa mzima hutoa ukakamavu mkubwa kuliko unaopimwa maabara. Dawa yake inajulikana: pete nyembamba ya elementi inayoizunguka skrubu inapunguziwa ukakamavu, na kiasi cha kupunguza kinatokana na majaribio ya kusukuma na kuvuta skrubu kwenye sampuli nyingine, zisizo zile utakazozitumia baadaye kujipima.

Ya tatu ndiyo inayoamua kisa hiki. Kani ya nyonga inapita kwenye kitovu cha kichwa. Skrubu iko milimita 8 mbele ya kitovu. Kwa hiyo zile nyutoni 700 za upana zina mkono wa milimita 8, na zinajaribu kukizungusha kichwa juu ya skrubu kwa msokoto wa nyutoni-mita 5.6 katika kila hatua. Kwenye modeli iliyogandishwa kuzunguka huko hakuwezekani. Kumezuiwa tangu siku ya kwanza na mtu aliyekuwa akitafuta hesabu ya haraka. Ndiyo maana nafasi mbili za skrubu zilionekana kama ndugu.

Skrubu ya mviringo ina nini cha kuzuia msokoto? Msuguano peke yake. Nikichukua kizidishi cha msuguano cha 0.3, nyutoni 700 na nusu kipenyo cha milimita 6.25, napata nyutoni-mita 1.3, kiasi ambacho hakifiki hata robo ya kinachohitajika. Tunapobadilisha modeli, tukaweka mguso wenye msuguano badala ya kugandisha, kichwa kinaanza kuzunguka na hesabu inakataa kutulia. Wapo wanaouona ukaidi huo kama hitilafu ya programu na kurudi haraka kwenye kugandisha. Naomba wasifanye hivyo. Hesabu inayokataa kutulia hapa inaeleza kwa usahihi kile ambacho kichwa kingefanya kama kingeachiwa skrubu peke yake.

Ninaposema hivi simlaumu aliyejenga modeli ya kwanza. Kwa skrubu iliyokaa kwenye kitovu, kugandisha kunakosea ukubwa wa jibu lakini kunabakiza sura yake. Kwa skrubu iliyohama, sura yenyewe inapotea. Kosa lilelile linasameheka mahali pamoja na kudhuru mahali pengine, na kinachotenganisha ni milimita 8.

Vipande vinavyogusana

Kichwa cha paja la bibi hakikuzunguka pale pale mezani, kwa hiyo kipo kitu kingine kinachoshika. Ni uso wa mvunjiko wenyewe. Zile nyutoni 1,213 za urefu zinavibana vipande, na nyuso za mfupa uliovunjika ni za kukwaruza. Nikichukua kizidishi cha 0.4 na mkono wa wastani wa milimita 12, uwezo wa juu kabisa wa uso huo ni nyutoni-mita 5.8. Jumlisha 1.3 za skrubu unapata 7.1, dhidi ya 5.6 zinazosokota. Kichwa kinakaa.

Lakini hizo 5.8 zimekubali kwamba mzigo wote wa urefu unapita kwenye uso wa mvunjiko. Skrubu ikikwama kidogo ndani ya bomba, au kipande cha nyuma na ndani chenye trokanta ndogo kikiwa kimebanduka na kuacha pengo, sehemu ya mzigo inapitia kwenye chuma. Nusu tu ikipitia huko, uwezo wa uso unashuka hadi 2.9, jumla inakuwa 4.2, na kichwa kinazunguka. Kwa bibi huyu trokanta ndogo haijabanduka, na eksirei zinaonyesha gamba la ndani, yaani ukuta mgumu wa mfupa upande wa ndani wa paja, limekutana vizuri. Hii ndiyo habari yenye uzito kuliko zote kwenye faili lake, na modeli ya kwanza haikuitumia, kwa sababu ndani yake mvunjiko wenyewe ulikuwa umegandishwa pia.

Kurudi si kuanza upya

Watu hulinganisha skrubu ilivyo na skrubu ambayo ingekuwa kwenye kitovu, kana kwamba daktari akirudi atakuta kichwa kizima. Hatakikuta. Atakuta tundu lenye nyuzi la milimita 12.5, na tundu jipya litakuwa milimita 8 kutoka lile la zamani. Matundu hayo yanaingiliana kwa milimita 4.5. Upande mmoja wa skrubu mpya utakuwa unatazama uwazi.

Kwa hesabu ya mkono, upana unaobeba kwa uhakika unapungua kutoka 12.5 hadi 8, kivuli kinakuwa milimita za mraba 176, na mkazo wa wastani unapanda hadi megapaskali 4.0. Mfupa wa kitovu una nguvu ya 4.6. Akiba ni mara 1.17, chini ya ile 1.27 aliyonayo sasa. Msokoto umeondoka, ndiyo, lakini skrubu ina mahali wazi pa kutelezea. Upasuaji wa pili, hatari ya ganzi kwa mwili wa miaka 78, na kinachopatikana ni mshiko dhaifu zaidi. Huu ni ulinganisho ambao modeli inaweza kuufanya vizuri sana, mradi mhandisi akumbuke kuchora tundu la zamani.

Chaguo la tatu ni kurudi na kujaza uwazi kwa saruji ya mfupa. Saruji hiyo ina ukakamavu wa gigapaskali 2 hadi 3, karibu zaidi na mfupa kuliko chuma, na inapanua uso unaobeba. Ikitandaa kufikia upana wa milimita 20 na urefu wa 25, mkazo unashuka hadi megapaskali 1.4 na akiba inapita mara 3. Kwa namba peke yake ndilo bora kuliko yote. Namba hizo hazijui kwamba saruji inatoa joto inapoganda, wala kwamba ikipata upenyo kwenye mfupa ulio chini ya gegedu inaweza kuvuja ndani ya kiungo. Kama waya wa kuongozea ulitoboa kilele wakati wa upasuaji wa kwanza, njia hiyo ina mlango ulio wazi, na hilo hupimwa kwa kusukuma dawa ya kuonekana kwenye picha kabla ya saruji.

Jibu kwa daktari

Ningemwandikia hivi. Skrubu iachwe mahali ilipo, kwa sharti kwamba vipande vibaki vimebanana. Bibi asimame na fremu ya kutembelea, kwa sababu fremu inapunguza kani ya nyonga, na kwa sababu kumlaza kitandani kuna hatari zake ambazo modeli haizioni. Kumwambia akanyage nusu ya uzito ni agizo ambalo wazee wengi hawawezi kulitekeleza, basi uamuzi usijengwe juu yake. Eksirei zirudiwe mapema, za mbele na za ubavuni, na kinachotafutwa kwenye ya ubavuni ni kichwa kilichozunguka kulinganisha na picha ya kwanza, hata kama ile jumla ya milimita 25 haijabadilika. Gamba la ndani likifunguka au skrubu ikiacha kuteleza, hesabu ya 7.1 imevunjika, na hapo kurudi kwa njia ya saruji kuna sababu.

Ningeongeza mipaka ya jibu hilo. Kosa la asilimia 10 kwenye msongamano, ambalo ni rahisi kulipata kama CT haikupigwa pamoja na kipimio cha ulinganisho, linabadilisha nguvu kwa karibu asilimia 20, na akiba ya 1.27 inakaribia moja. Kujikwaa kwa mara 8.7 ya uzito kunaleta zaidi ya megapaskali 9 kwenye mfupa wa kichwa. Hakuna nafasi ya skrubu kwenye nyonga hii inayovumilia hilo, kwa hiyo kuzuia kuanguka ni sehemu ya tiba sawa na skrubu. Na modeli yetu imeweka mzigo mmoja, wakati mfupa unachoka kwa maelfu ya hatua katika wiki ambazo bado unaunga. Njia inayokubalika ya kuvuka pengo hilo ni kutumia mgeuko wa umbo karibu na skrubu kama kiashiria: Varga na wenzake walionyesha mwaka 2017, kwa mifupa ya bega iliyofungwa bamba, kwamba kiashiria hicho kinafuatana kwa karibu na idadi ya mizunguko ya mzigo ambayo ufungaji unavumilia maabara. Kwa bega kimepimwa. Kwa nyonga yenye skrubu moja iliyohama, kipimwe kwa nyonga.

Kiwango cha V&V 40 cha mwaka 2018 cha ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, kinataka ushahidi wa modeli uongezeke kadiri uamuzi unaoitegemea unavyokuwa mzito. Kumrudisha au kutomrudisha mzee chumba cha upasuaji ni uamuzi mzito. Kwa ushahidi tulio nao, modeli hii inatosha kupanga chaguo tatu kwa mpangilio na kusema mpangilio huo unategemea nini. Haitoshi kutaja siku ambayo bibi atatembea bila fremu, na ripoti ikitaja siku hiyo, daktari aombe kuonyeshwa majaribio ya mezani yaliyoitoa.